Siku Sita za Great Ocean Road kwa Gari-Nyumba

Watu wengi huiona Great Ocean Road, barabara ya pwani iliyoko kusini mwa jimbo la Victoria nchini Australia, kwa siku moja tu: hutoka Melbourne alfajiri kwa basi, hushuka mara nne au tano kupiga picha, na usiku huohuo hurudi walikotoka. Kwa kuwa barabara yote ina urefu wa kilomita 243, kuanzia Torquay hadi Allansford, jambo hilo linawezekana. Lakini baada ya mimi na mume wangu kuipita kwa siku sita tukiwa na gari-nyumba, yaani lile gari lenye kitanda, jiko, friji na choo ndani yake, naamini kwamba anayeipita kwa siku moja huyaona mawe na kuikosa pwani.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuanzia Torquay na kuelekea magharibi. Australia magari hupita kushoto, kwa hiyo ukielekea magharibi njia yako ndiyo iliyo upande wa bahari, na sehemu nyingi za kuegesha na kutazama mandhari unaziingia bila kukatiza mbele ya magari yanayokuja. Ukiwa na gari lenye urefu wa mita 7 na kimo kinachozidi mita 3, hilo si jambo dogo, hasa penye kona ambayo huoni kilichoko mbele yake.

Huko Eastern View, kabla ya kufika Lorne, barabara hupita chini ya tao la ukumbusho lililojengwa kwa magogo, na nawasihi wote wasimame hapo hata kama wana haraka. Barabara hii ilijengwa kati ya mwaka 1919 na 1932 na askari wapatao 3,000 waliorejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nao waliijenga kwa sururu, koleo na baruti ili iwe kumbukumbu ya wenzao waliouawa vitani. Nilikuwa nimelisoma hilo kabla ya safari, lakini maana yake niliielewa nilipoendesha kipande cha kati ya Lorne na Apollo Bay, ambako barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima unaoshuka moja kwa moja baharini. Kila kona ilikuwa ni kazi ya mikono ya mtu aliyetoka kwenye mahandaki, na kwa kilomita nyingi sikutamani hata kufungua redio.

Kipande hicho ndicho kilichotufunza pia namna ya kuishi na gari-nyumba. Katika kona ya tatu au ya nne, droo ambayo hatukuifunga kwa komeo lake ilifunguka, na kikombe kikabingirika hadi karibu na pedali ya breki. Hakuna aliyeumia, lakini moyo ulinienda mbio kwa muda mrefu. Tangu hapo hatukuondoka mahali popote kabla mmoja wetu kutaja kwa sauti, na mwenzake kuhakikisha kwa mkono: makabati, friji, dirisha la paa, mtungi wa gesi, waya wa umeme, ngazi ya mlangoni. Tulijifunza pia kuingia pembeni kila palipo na nafasi ya kuwapisha wenye haraka, na kushika usukani kwa mikono miwili tunapotoka kwenye kinga ya kilima, kwa sababu upepo wa Bahari ya Kusini hulipiga gari refu ubavuni kama mtu anayelisukuma.

Baada ya Apollo Bay barabara huiacha bahari na kupanda kwenye msitu wa Great Otway. Tulitembea kwa miguu pale Maits Rest, katikati ya miti mikubwa na mingajonga, kisha tukaenda kuuona mnara wa taa wa Cape Otway, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1848. Ni pazuri, ila mawazo yangu yalikuwa yametangulia kwenye nguzo za mawe.

Nguzo hizo huitwa Mitume Kumi na Wawili, ingawa hazikuwahi kufika kumi na mbili. Zilikuwa tisa, na mnamo Julai 2005 moja, yenye kimo cha mita 50 hivi, iliporomoka na kuwa lundo la mawe. Ni mwamba wa chokaa, laini kuliko unavyodhani ukiuona kwa mbali. Wimbi huchimba pango kwenye ubavu wa rasi, mapango mawili yanayochimbwa kutoka pande mbili hukutana na kuwa tao, paa la tao huanguka, na kilichobaki baharini husimama peke yake kama nguzo hadi zamu yake nayo ifike. Ukishuka ngazi 86 za Gibson Steps hadi ufukweni, unauona mwamba kwa karibu: matabaka yaliyolala moja juu ya jingine, ya rangi ya asali na ya kijivu, na chini kabisa, pale maji yanapofika, mkato wa ndani kama mti ulioanza kukatwa kwa shoka.

Hapa ndipo gari-nyumba lilipotulipa. Hairuhusiwi kulala kwenye maegesho ya kutazamia mandhari, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa maji machafu na tangi la choo vina mahali pake maalumu pa kumwagwa. Tulilala kwenye kambi ya Port Campbell, umbali wa kilomita 12 hivi, na kwa siku mbili tulikwenda na kurudi. Jioni tulibaki baada ya mabasi kuondoka, jua likashuka nyuma ya nguzo, nazo zikageuka vivuli vyeusi. Giza lilipoanza kuingia, pengwini wadogo walitoka majini wakavuka mchanga kwa makundi. Asubuhi iliyofuata mwanga ulitoka nyuma yetu, na mawe yaleyale yakawa na rangi ya chungu kilichotoka tanuruni. Mchana nguzo hizo ni za kijivu iliyofifia, na huo ndio wakati ambao wageni wengi huziona.

Karibu na hapo lipo korongo la Loch Ard, linaloitwa kwa jina la merikebu iliyotoka Uingereza na kupasuka kwenye miamba hiyo tarehe 1 Juni 1878. Kati ya watu 54 waliokuwamo walipona wawili: Tom Pearce, kijana aliyekuwa akijifunza ubaharia, na Eva Carmichael, msichana aliyekuwa akisafiri na wazazi na ndugu zake. Tom alifikishwa na mawimbi kwenye kijifuko hicho cha mchanga, akasikia sauti ya Eva, akarudi majini kumvuta, kisha akapanda genge kutafuta msaada. Nilisimama mchangani nikatazama mlango wa korongo, mwembamba kiasi kwamba bahari inayopita pale hunguruma hata siku ya utulivu, na nikaona ni namna gani nafasi ya kupita hai ilikuwa ndogo.

Siku ya mwisho tulipita London Bridge, mwamba uliokuwa na matao mawili hadi tao la upande wa nchi kavu lilipoanguka mnamo Januari 1990 na kuwaacha watu wawili kwenye kipande cha baharini, wakaja kuokolewa kwa helikopta. Kisha tukafika Bay of Islands, mbele ya Peterborough, mahali ninapopapenda kuliko Mitume wenyewe, kwa sababu visiwa vya mawe ni vingi na watu ni wachache. Tuliegesha pua ya gari ikitazama maji, mume wangu akachemsha chai, tukafungua mlango wa ubavuni na kuketi kwenye ngazi. Mahali fulani chini yetu kipande cha jiwe kilianguka na kugota majini. Tulilitazama genge kwa muda mrefu tukitafuta kilipotoka, lakini hatukukiona. Baadaye tukafunga gesi, tukataja makabati, friji na ngazi, tukaondoka kuelekea Allansford.