Mkataba wa Steji

Mwaka 2022 mdogo wangu alipata kazi ya nyumbani Riyadh, Saudia. Ajenti alimletea mkataba steji ya magari ya Nairobi, hapa Nakuru, siku ileile ya kusafiri. Aliulaza juu ya boneti ya Probox, akamkabidhi kalamu. "Weka sahihi hapa na hapa, gari linajaa."

Nikauchukua nisome. Kiarabu upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Riyali 900 kwa mwezi, miaka 2. Jina la mwajiri lilikuwapo, lakini pa namba yake ya simu palikuwa patupu. Makanga anapiga kelele, Mama kashika begi, ajenti ananiita "madam" kwa kuniharakisha. Nilisoma mpaka mwisho. Anayekupa karatasi ya kukufunga miaka 2 huku gari linaunguruma anajua anachofanya.

"Nakala ya familia iko wapi?"

Akasema inabaki ofisini. Nikamwambia basi begi linarudi nyumbani Kaptembwa. Mama alinikazia macho. Karo ya kitinda mimba wetu ilikuwa inaungojea mshahara ule. Mwishowe ajenti alijaza namba kwa mkono, nami nikapiga picha kila ukurasa, na pasipoti pia.

Mwaka uliofuata mwajiri alianza kumpeleka kwa dada yake, akawa anafanyia kazi nyumba mbili. Mshahara ukakatika. Pasipoti ilikuwa imefungiwa kabatini. Alinipigia usiku akiwa bafuni, kafungua maji asisikike.

"Dada, nikitoka wataniandikisha mtoro."

Ni kweli. Katika mfumo wa kafala, kibali cha kukaa nchini kimefungamana na mwajiri. Ukiondoka bila idhini yake anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Ndiyo maana huniuma sana watu wakisema "si angetoka tu". Na kanuni za Saudia zenyewe, za 2013, zilimpa mfanyakazi wa nyumbani angalau saa 9 za kupumzika kila siku na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Yeye alikuwa akilala kwa muda wa saa 4 tu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana haki hiyo.

Ubalozi wetu Riyadh uliulizia kwanza jina la mwajiri na mkataba. Nikatuma picha zote. Kisha nikaenda Nairobi kwa ajenti, nikakaa pale ofisini mpaka akapiga ile namba aliyoiandika mwenyewe.

Mdogo wangu alirudi akiwa na pasipoti yake na malimbikizo ya mishahara, isipokuwa ya mwezi mmoja. Huo bado tunaudai.