Kule kwenu

Leo ni Alhamisi na mimi bado niko kwenye simu ya Jumapili.

Mama alipiga jioni, mtandao ukiwa mzuri kwa mara ya kwanza baada ya majuma mawili. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati ya Kadutu, ile mvua ya Bukavu inayofika bila hodi na kulazimisha watu kupaza sauti ndani ya nyumba zao. Nikamwambia, "Mama, usiseme kitu kwanza, ninaisikiliza." Akacheka. Tukanyamaza wote wawili, salio likienda. Halafu akauliza:

"Na kule kwenu, haiyanyesha bado?"

Nikajibu bado, Oktoba ya Lubumbashi ni jua na vumbi jekundu, labda Novemba. Tukaendelea na mengine. Lakini lile neno lilikuwa limekwisha kunikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwenu.

Baba watoto haoni kosa. "Alipashwa kusema aje? Kwetu?" Nikamwambia angesema huko. Huko tu, basi. Miaka kumi na moja mama amesema huko: huko munakula nini, huko baridi imeisha? Na kwenu ilikuwa Bukavu. Alipokuwa akinifungia unga wa muhogo ndani ya sanduku, alisema, "Peleka, watoto wajue kwenu." Jumapili kwenu ikahama, na hakuna aliyeniambia kwamba inahama.

Nimelirudia mara nyingi nikitafuta kama alilikazia. Hakulikazia. Lilitoka laini, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu anayekaza neno bado anasikitika, lakini anayelisema laini amekwisha kuzoea.

Wiki hii baba watoto ameitwa tena kazini Kolwezi baada ya miezi mitano ya kukaa nyumbani, wifi amejifungua mapacha, na mimi niko hapa napima neno moja.

Kwenda siwezi. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu kufungwa, safari yetu ni kuzunguka Zambia, Tanzania na Rwanda kwa mabasi, na nauli ya watu watano hatuna. Kwa hiyo ninakwenda kwa kichwa. Ninashuka kutoka Kadutu hadi Nyawera, magoti yakiuma, na kila njia inapopinda macho yanaangukia ziwa Kivu. Usiku taa za wavuvi wa sambaza, dagaa wetu, zinatapakaa juu ya maji, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, na upepo ukiwa mzuri unasikia wanavyoimba. Hapa nchi imelala tambarare. Kilima ninachokiona ni terili, lile lundo jeusi la mabaki ya shaba karibu na bomba refu la kiwanda kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911. Mtoto wangu akiambiwa achore mlima, anachora terili. Zamani nilimsahihisha. Siku hizi ninamwachia.

Jana nilikwenda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kutafuta mboga nikasimama mbele ya mama mmoja mwenye ndagala kavu za Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Nikasema, "Mama, hizi zinafanana na sambaza zetu." Akaniangalia vizuri, akasema, "Ni za Tanganyika hizi, mama. Wewe ni wa wapi?" Na pale, katikati ya kelele za wasukuma mikokoteni, nikamsikia marehemu baba. Ndiye aliyeniambia, nikiwa na miaka kumi hivi, kwamba sambaza hawakuzaliwa Kivu: walichotwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamwagwa kwetu. Nililia siku ile. Niliona ametukana ziwa letu. Yeye akaendelea kula, akasema tu, "Onja, uniambie kama ni wageni."

Nikanunua vikombe viwili. Nilizikaanga na nyanya na pilipili, nikasonga bukari, ugali wa mahindi, kwa sababu unga wa mama uliisha zamani. Kitindamimba akalamba vidole, akauliza, "Maman, hizi kapenta ni za kwetu?" Nikasema ndiyo. Sikumwuliza kwetu ipi. Nilifurahi kwa namna ambayo sijafurahi tangu Jumapili, nikacheka peke yangu nikiosha sahani, na niliposikia harufu ya ndagala bado iko kwenye mikono yangu sikutaka kuisugua.

Usiku nikampigia mama kumsimulia. "Baba yako na sambaza zake," akasema, na sauti yake ikapungua kidogo. Tukaongea karibu nusu saa. Nilikuwa ninalivizia lile neno muda wote, kwenu au huko, nione atachukua lipi. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza tu, "Wamelala watoto?"

Wamelala, isipokuwa yule wa katikati. Yeye alikuwa mezani anaandika kazi ya shule, na ndipo nilipoona anaweka daftari karibu na pua, jicho moja amelifunga. Nikamwuliza tangu lini. Akasema mwalimu alikwisha kumhamishia benchi la mbele tangu mwezi jana, na kutoka pale pia ubao hauoni vizuri. Jumatatu nitamtafutia daktari wa macho.