Manukuu ya Baba

Masikio ya baba yamechoka. Tukitazama video za familia, sisi tunacheka naye anatutazama usoni kujua kumesemwa nini. Nikakaa wiki mbili nikiandika manukuu ya kila video, yaani maneno yanayosemwa yatokee chini ya picha, mstari kwa mstari, kisha nikaanza kutafuta programu ya kumwonyeshea.

Ile iliyokuja na kompyuta yake ilinishinda kwenye video ya kwanza: sauti ya dada yangu inasikika, skrini nyeusi tii. Nilishtuka nikidhani faili limeharibika. Kumbe .mp4, aina ya faili la video, ni gunia tu, halikuambii kilichomo. Ndani yake picha zilikuwa zimebanwa kwa HEVC, njia ya kupunguza ukubwa wa video, na programu ile haikuwa na kodeki, yaani sehemu ya programu ya kuzifungua.

Nikamwekea VLC, programu ya kuchezea video iliyotokana na mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996. Inakuja na kodeki zake yenyewe, kwa hiyo picha ilitokea papo hapo. Mimi mwenyewe natumia mpv, programu nyingine ya video, na naipenda mno, lakini mipangilio yake huandikwa kwenye faili la maandishi, na baba anataka menyu anayoiona kwa macho.

Kazi kubwa ilikuwa manukuu. Kila faili la .srt, ndilo lenye manukuu, nililipa jina lile lile la video yake na kuliweka kwenye folda moja nayo. Hapo VLC huliokota bila kuambiwa. Kwenye mipangilio nikakuza herufi na kuziwekea kivuli cha nyuma, maana herufi nyeupe juu ya shela la bibi harusi hazisomeki hata kwa kijana.

Bado maneno yalikuwa yanachelewa. Ukibonyeza G yanawahi, ukibonyeza H yanachelewa zaidi, milisekunde 50 kila mara. Nilibonyeza G mara 12, yakakaa sawa na midomo. Ila VLC haikumbuki hilo ukiifunga, na sikutaka baba ahangaike na vitufe kila jioni. Nikafungua manukuu kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, nikasogeza nyakati zote humo humo kwenye faili.

Halafu nikagundua baba husoma polepole. Nikayawahisha tena kidogo, milisekunde 300 mbele ya sauti, na kila mstari nikauacha ukae zaidi.

Jana usiku alicheka kabla yetu.