Zilipendwa za nani? Kumchagulia nyimbo mzee anayesahau

Familia nyingi zinazouguza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau zimeshapewa ushauri huu: mpigieni muziki wa zamani. Ushauri ni mzuri, ila umeishia njiani. Mtu anafungua mkusanyiko wa zilipendwa kwenye simu, anauacha uimbe kuanzia chai ya asubuhi hadi magharibi, na wiki ikiisha anasema bibi hana habari nao. Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni moja tu: zilipendwa na nani?

Ugonjwa wa Alzheimer huanza kushambulia sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya. Ndiyo maana mzee husahau kwamba amekunywa chai sasa hivi. Nyimbo alizozirudia mamia ya mara ujanani zimekaa kwingine, mahali ambapo ugonjwa huchelewa kufika. Hivyo mtu aliyepotewa na jina la mwanawe anaweza kuimba beti tatu bila kukwama. Na nyimbo zinazoshika kuliko zote ni zile za umri wa miaka 10 hadi 25 hivi, wakati mtu anapoanza kujijua, kuchumbia na kuchumbiwa.

Kwa hiyo anza na hesabu. Aliyezaliwa mwaka 1945, miaka yake ni 1955 hadi 1970. Akiwa mtu wa Morogoro, huo ni wakati wa Salum Abdallah na Cuban Marimba. Akiwa wa Nairobi, ni wakati wa Fadhili William. Akiwa wa Kongo, OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956. Aliyezaliwa mwaka 1955 unamsogeza hadi 1965–1980, na hapo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, ndiye aliyekuwa redioni. Miaka kumi tu inabadilisha orodha nzima. Siti binti Saad, ambaye santuri zake zilianza kutoka mwaka 1928, alifariki mwaka 1950: kwa mzee wa miaka 80 leo, huo ni muziki wa mama yake. Anaweza kuupenda, lakini usiuweke wa kwanza.

Mwaka pekee hautoshi. Waulize ndugu zake na rafiki waliobaki: harusini kwake palipigwa nini? Redio ilikuwa nyumbani kwa nani? Alikuwa mtu wa dansi, wa taarab, wa kwaya au wa maulidi? Kama aliimba kwaya, ulizeni aliimba sauti ya ngapi. Mama aliyeimba sauti ya pili kwa miaka mingi huenda akafuatisha sauti hiyohiyo hata leo, na asiyejua atadhani anapotea. Msimsahihishe.

Lugha nayo ni jambo kubwa. Wengi hurudi kwenye lugha waliyonyonya nayo, na Kiswahili au Kiingereza walichojifunza baadaye kikapungua. Nyimbo za Kisambaa, Kidigo au Kihaya za utotoni mara nyingi hazipo mtandaoni kabisa. Mpigie simu shangazi au mzee mwenzake kijijini, umwombe aimbe na kutuma sauti kwa WhatsApp: wimbo mmoja kwa kila ujumbe, polepole, bila salamu mwanzoni, maana salamu itarudiwa kila wimbo ukipigwa na itamchanganya mzee. Hifadhi kila ujumbe nje ya simu siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu, nyimbo mbili za namna hii zina thamani kuliko mkusanyiko wa mia mbili.

Sasa vifaa. Usipige moja kwa moja kutoka mtandaoni, kwa sababu tangazo litaingia katikati kwa sauti ya juu na kumshtua mtu ambaye hawezi kuelewa limetoka wapi. Weka nyimbo kwenye flashi au memori kadi. Kwa ubora wa kawaida, dakika moja ni karibu MB 1, hivyo nyimbo 20 za dakika nne hazizidi MB 80 au 90. Tafuta rekodi ya asili, ileile iliyopigwa redioni. Wimbo uliorudiwa kwa kinanda cha kisasa haumfungui mlango. Rekodi za zamani hutofautiana kwa sauti, basi zisikilize zote mapema.

Spika ya simu haifai. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na spika ya simu haina sauti nzito, kwa hiyo kinachomfikia ni mkwaruzo. Spika ndogo ya flashi iwekwe mita moja kutoka alipoketi, mbele yake, si nyuma. Sauti iwe kiasi ambacho mnaweza kuongea bila kupaza. Zima televisheni. Kama anavaa kifaa cha kusikia, hedifoni zinaweza kukifanya kipige mluzi. Baki na spika.

Anza na nyimbo tano au sita. Mpigie wimbo mmoja, tulia, umtazame. Usitegemee aseme kitu. Tazama kidole cha mguu, midomo, vidole juu ya mkeka, macho yanaelekea wapi, pumzi inakwenda vipi. Andika kwenye daftari tarehe, saa, jina la wimbo na ulichokiona: "alipiga paja", "aliimba kiitikio", "aligeuza uso". Wimbo usioleta kitu mara tatu kwa saa tofauti uondoe. Ukifika nyimbo 15 au 20 zilizothibitika, inatosha. Kila kikao kiwe cha dakika 20 hadi 30, na nyimbo zizungushwe, maana hata wimbo bora ukipigwa kila siku unageuka kelele za nyumbani.

Kosa linalofanywa sana na watu wenye nia njema ni kuuliza: "Unaukumbuka huu? Nani aliuimba?" Huo ni mtihani, naye atafeli mbele ya watu. Badala yake, imba naye, kisha nyamaza kabla ya neno la mwisho wa mstari. Hapa ushairi wetu unasaidia sana. Taarab nyingi za zamani zimetungwa kwa mizani nane nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mistari miwili ikishaishia na "-ma", sikio linadai "-ma" ya tatu, na neno linamjia mdomoni kabla hajalitafuta. Akishalisema, usimpigie makofi. Endelea na mstari unaofuata.

Saa za kupiga: dakika kumi kabla ya kuoga kama kuoga ni vita, na jioni kabla giza halijaingia, wakati wengi wao huanza kuhangaika na kudai kurudi "nyumbani". Ukisubiri mpaka ameshakasirika umechelewa. Usiku pawe na nyimbo za taratibu. Pambio za kuruka zinamwamsha. Qurani si muziki wa kusindikiza shughuli. Kwa Mwislamu isomwe kwa utulivu, isipigwe bafuni wala juu ya maongezi.

Machozi yasikutishe. Akilia huku amekushika mkono na bado anaimba, mwache. Akiziba masikio, akisukuma, akikunja uso na pumzi ikienda mbio, zima hapohapo, mpe maji, zungumza jambo jingine. Kuna nyimbo zilizofungana na msiba au vita. Kwa mkimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, au askari wa vita vya Kagera, bendi ya jeshi inaweza kurudisha mambo ambayo hakuwahi kuwasimulia watoto. Wimbo huo uandike kwenye daftari kwa kalamu nyekundu ili mlezi mwingine asiupige kwa kutojua.

Utulivu huu hudumu muda mfupi, pengine saa moja au mbili, na hauzuii ugonjwa kusonga. Tena, mzee aliyebadilika ghafla kwa siku moja au mbili, akawa mkali au mzito wa usingizi, mpelekeni hospitali kwanza. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, maumivu au dawa mpya. Akilazwa, flashi na daftari viende naye, na ukurasa wa kwanza uandikwe nyimbo tatu zinazomtuliza na ule ambao haupigwi, ili muuguzi wa zamu ya usiku asilazimike kubahatisha.