Nilivyokaa na prednisoloni wakati kinga imeshushwa

Mimi nina lupus, yaani kinga inaushambulia mwili wangu wenyewe, na ilipofika kwenye figo daktari akanianzishia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayoshusha kinga, 40 mg kwa siku, zote asubuhi nikishakunywa chai, na niseme ukweli zile dawa ziliniinua, viungo viliacha kuvimba nikaweza tena kukamua nguo mwenyewe. Kwa hiyo usisome hapa halafu ukatupe dawa zako. Ninachotaka watu wajue ni upande wake wa pili, maana ulinifikia mapema tu, nikatokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, maumivu yake we acha tu.

Nikamuuliza, dokta mbona FBP yangu, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, inaonyesha seli nyeupe zimepanda, si ndo kinga iko juu? Akanikalisha akanieleza na mpaka leo namshukuru. Steroidi zenyewe hupandisha nyutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, kwenye damu, so namba inapanda huku kinga kiukweli imelegea. Halafu kuna seli zinaitwa NK, yaani seli uaji za asili, ziligunduliwa miaka ya 1970, ni kama asilimia 5 mpaka 15 ya limfosaiti (kundi jingine la seli nyeupe) za kwenye damu, na hizo hazisubiri kufundishwa adui ni nani. Zinapita kama mgambo anayekagua vitambulisho, zikikuta seli imeingiliwa na virusi au imeanza kugeuka kansa na kitambulisho chake hakionekani, zinaitoboa kwa protini inaitwa perforini, zinaingiza vimeng'enya vinaitwa granzaimu, ile seli inajiua yenyewe. Sasa steroidi inaingia ndani ya NK na kubadilisha jeni zipi zifanye kazi, matokeo yake vipokezi vya kuiamsha vinapungua, silaha zinapungua, hata ikiitwa na IL-2, ile protini ya kuamsha seli za kinga, inaitika kivivu. Unaweza kuwa nazo za kutosha kwa idadi lakini haziui ipasavyo. Na sio NK peke yake, seli T, askari wengine wa kinga, nazo zinashushwa, na hizo T ndo hasa zinazokizuia kirusi cha tetekuwanga kilicholala mwilini kisiamke tena, ndo maana nikatokwa na mkanda.

Baada ya kuelewa hivyo nikabadilisha maisha. Nilinunua kipimajoto, kwa sababu steroidi inaficha homa, unaweza kuwa na maambukizi mazito mwili ukapata joto kidogo tu, kwa hiyo nikijisikia tofauti siendi duka la dawa, naenda hospitali na nawaambia mlangoni kabisa kwamba niko kwenye steroidi. TB nilipimwa na kupigwa eksirei, na kikohozi kikizidi wiki mbili narudi. Ule mkanda nilipewa asaikloviri, dawa ya virusi, mapema, inatakiwa uanze ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Chanjo zenye vimelea hai kama ya homa ya manjano sikuchoma, maana ukiwa kwenye 20 mg au zaidi kwa wiki mbili na kuendelea haifai, daktari akaniandikia barua ya kusafiria.

Kupunguza dozi ndo kulihitaji uvumilivu. Ukitumia kwa muda mrefu tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza kortisoli, ile steroidi ya asili ya mwili, ukikata ghafla presha inaanguka na unaweza kufa, kwa hiyo tulishuka taratibu huku nikitumia hidroksiklorokwini lupus isiamke. Inaniuma sana nikiona mabinti wanameza deksamethasoni za kunenepa bila vipimo, nayo ni steroidi vilevile na ina nguvu kuliko yangu, halafu hakuna anayewaambia habari za kushuka taratibu.

Sasa niko 5 mg. Kwenye pochi natembea na karatasi yenye jina la dawa, dozi na tangu lini natumia, nikienda hospitali ngeni au nikitakiwa kufanyiwa upasuaji namwonyesha daktari kabla hajaniandikia chochote, na mume wangu ana nakala kwenye simu yake.