Nilivyotambua gia mbadala ya dirisha la kuzungusha

Nyumba nyingi hapa Minnesota, jimbo la Marekani ninakoishi, zina madirisha ambayo ubawa wake, yaani sehemu yenye kioo inayofunguka, umeshikwa na bawaba upande mmoja, nao husukumwa nje kwa kuzungusha mpini mdogo uliopo chini ya fremu. Dirisha la chumba cha watoto lilipoharibika, mpini ukawa unageuka na gia inakwaruza lakini ubawa hausogei, fundi niliyemwita alishauri tung'oe dirisha zima. Sikukubaliana naye, kwa sababu mbao zilikuwa imara na hapakuwa na ukungu kati ya vioo viwili. Kilichochakaa kilikuwa kifaa kimoja cha chuma, yaani gia inayousukuma ubawa mpini unapozungushwa. Hata hivyo sikutaka jambo hilo likae, maana dirisha la chumba cha kulala ndilo njia ya pili ya kutokea moto ukizuka.

Ugumu ulikuwa kujua ni kifaa kipi hasa cha kuagiza. Nilimulika kwa tochi ule ukanda wa chuma unaotenganisha vioo viwili, ambapo mara nyingi hupigwa chapa ya aliyetengeneza kioo pamoja na mwaka, nikasoma 1994. Mwaka huo uliniwezesha kuyaacha matoleo ya karibuni, lakini jina la kampuni peke yake halikutosha, kwa kuwa kampuni nyingi za madirisha hazitengenezi gia zake zenyewe bali hununua kwa watengenezaji wa vifaa, kama vile kampuni ya Owatonna, humu humu Minnesota, iliyokuwa ikiitwa Truth Hardware. Kwa hiyo gia ya namna moja huweza kukutwa kwenye madirisha ya majina tofauti kabisa, na madirisha ya jina moja huweza kuwa na gia zisizofanana.

Ilibidi kifaa chenyewe kitolewe. Niliondoa wavu wa mbu, nikafungua makomeo, nikausukuma ubawa taratibu hadi gurudumu dogo lililo kwenye ncha ya mkono wa chuma likafika penye pengo la reli yake, likachomoka. Kisha nikabandua kifuniko na kufungua skrubu. Kwenye mwili wa gia palikuwa na namba zilizojitokeza juu ya chuma. Namba za aina hiyo zinafaa kunakiliwa na kupigwa picha, ila si busara kuagiza kwa kuzitegemea peke yake, kwani mara nyingi ni namba za kalibu iliyotumika kumiminia chuma, wala si namba ya bidhaa katika katalogi.

Vipimo ndivyo vilivyoamua. Nilipima umbali kati ya matundu ya skrubu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Nikapima urefu wa mkono kuanzia kwenye ekseli yake hadi katikati ya gurudumu. Nikaandika kama mkono ni mmoja au ni miwili, umenyooka au umepinda. Kuhusu upande, nilieleza kwa maneno kwamba, mtu akiwa amesimama ndani ya chumba, bawaba ziko kushotoni, kwa sababu wauzaji wengine huhesabu kulia na kushoto kwa kutazama kutoka nje, na gia ya upande usio wake haifungiki kabisa. Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni shina lenye meno linalopokea mpini. Yapo ya inchi 5/16, 11/32 na 3/8, na tofauti kati ya kipimo kimoja na kinachokifuata haifiki hata milimita 1, kwa hiyo futi ya kawaida haiwezi kuitenganisha. Nilitumia kalipa, chombo cha kupimia unene kwa usahihi, nikapata milimita 8.7, ambazo ni sawa na 11/32.

Vipimo hivyo nilivituma kwa muuzaji wa vipuri pamoja na picha za juu, chini na ubavuni, huku rula ikiwa imelazwa kando ya kifaa, naye akanirudishia mchoro wa gia aliyodhani ndiyo. Niliulinganisha mchoro na gia ya zamani tundu kwa tundu kabla ya kulipa, na ningemshauri yeyote adai mchoro wa namna hiyo.

Kabla gia mpya haijafika nilikagua bawaba, maana gia mara nyingi huliwa meno kwa sababu inalazimishwa kuvuta ubawa ulioshuka. Bawaba ya chini ilikuwa imelegea skrubu na reli yake imejaa uchafu uliogandamana, nami nikaikaza, nikasafisha na kupuliza silikoni badala ya mafuta, ambayo hunasa vumbi. Gia ilipowasili iliingia kwenye matundu yaleyale bila kutoboa mapya. Dirisha la pili la chumba hicho lina mwaka uleule kwenye kioo na bawaba zake ziko kulia, kwa hiyo nimeshaagiza gia kama hiyo ya upande wa pili.