Senti moja iliyokuwa kwenye tari

Hii ilikuwa Januari 2013, mfungo sita umeshaingia, na kule kwetu Tanga mfungo sita ukiingia basi hakuna kulala, leo maulidi chuo hiki (madrasa) kesho chuo kile, pilau mpaka unaichoka. Shemeji yangu akanialika Pangani, chuo alichosomea utotoni, nikaenda. Sikwenda kutafuta sarafu, naapa.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo maana bila hivo hamtanielewa kwa nini mtu mzima nilipiga magoti mkekani na Nokia ya tochi nikimulika tari, ile ngoma ya maulidi yenye vibati pembeni.

Wakati ule nilikuwa nauza duka la madaftari Ngamiani, duka la mtu, mshahara ukiuangalia sana unaisha. Ugonjwa wa sarafu ulinianza kwa kutaka hela za Mjerumani, na nikisema hela namaanisha hela yenyewe, maana hili neno tunalolitaja kila siku limetoka kwenye zile Heller zao walizokuwa wakitumia hapa kuanzia 1904 mpaka 1916. Nikaulizia bei, nikanyamaza. Ile ya heller 20 waliyoipiga Tabora 1916 vita ikiwa imewabana ndo kabisaa, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo hata kuitaja naona kama nadaiwa.

Basi nikashuka kwa Mwingereza. Zile senti zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu, si mnazijua, babu zetu walizitungia kamba. Senti moja, senti tano (ndugu zetu wa Kenya wanaiita ndururu) na senti kumi lile likubwa linalojaa kiganja cha mtoto. Zilitumika Tanganyika, Kenya na Uganda, na Zanzibar nao wakaingia 1936 walipoacha rupia yao. Nikajipa masharti mawili, kwanza sihangaiki na kila mwaka kwa sababu huko hakuna mwisho, nataka kila aina moja tu, pili sarafu moja isizidi buku mbili, yaani shilingi elfu mbili.

Nikakaa intaneti kafe nikapiga hesabu zikatoka aina 16. Mfalme George wa tano wa Uingereza ana zake tatu. Edward wa nane ana mbili tu, ya tano na ya kumi, na huyu bwana ndo kichekesho changu mpaka leo, kaingia Januari 1936 Disemba ya mwaka huohuo kaacha ufalme kwa ajili ya mwanamke, taji hata hajavishwa, kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa watu wakanunulia mkate, lakini huku kwetu senti kumi yake niliipata kwa bei ya soda! Sababu ni hilo tundu. Sarafu yenye tundu haiwekwi kichwa cha mfalme, ni jina tu, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusubiri achorwe sura. Halafu George wa sita ana mbili mbili kwa kila thamani, za mwanzo zimeandikwa IND IMP, yaani kaisari wa India, India ilipojitawala 1947 hayo maneno hayakuwa na maana tena yakaondolewa, kwa hiyo hapo ni sita. Malkia Elizabeth tatu. Na mwisho kuna mbili za 1964, ya tano na ya kumi, hazina jina la mfalme wala malkia, maana nchi zote zilikuwa zimeshapata uhuru lakini kila mmoja alikuwa bado hajatoa sarafu yake. Sisi tukaja kutoa yetu 1966.

Kuzipata haikuwa kazi kubwa kama mnavyodhani. Siri yangu ilikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hizi senti ni shaba nyeusi, kwa hiyo watoto walikuwa wanaziokota majumbani wanapeleka kwenye mizani pamoja na nyaya na mabomba, na mwenye mizani yeye anaona kilo tu, haoni mfalme. Nikawa napita kila Ijumaa jioni namwambia niachie zenye tundu nakuongeza kidogo juu ya bei ya kilo. Nyingine nilitoa kwenye kopo la vifungo la fundi cherehani, nyingine zilikuwa washa za misumari ya bati kwenye banda la kuku la jirani yetu, hizo sikulipa hata shilingi ila nilipanda juu mwenyewe nikamrudishia washa za dukani. Nilikata kadi za vocha zilizokwanguliwa natoboa katikati naiweka sarafu humo, juu nafunga kifuko cha karanga. Kuna ujinga niliufanya pia, senti kumi ya 1964 niliisugua kwa ndimu na majivu ing'ae, ikang'aa kweli kama sufuria ya arusi, baadae nikaja kuambiwa na mzee mmoja anayejua haya mambo kwamba nimeiua, yaani nimeiondolea thamani. Ilibidi nitafute nyingine.

Mpaka mwisho wa 2012 nilikuwa na 15. Daftari langu lilisema nimetumia shilingi 11,400 zote kwa jumla. Iliyobaki ni senti moja ya George wa sita yenye IND IMP. Kila nilipoiona kwenye picha mwaka ni 1942 tu, mwaka mwingine sijawahi kuuona. Nikaikuta kwenye duka moja la vitu vya kale, la watalii watalii, jamaa akataka 25,000. Nikamuuliza kaka, senti moja? Akanijibu ndio, senti moja. Nikatoka.

Sasa turudi Pangani.

Maulidi yameanza baada ya Isha, watoto wamevaa kanzu nyeupe wamepanga safu mbili wanayumba, matari matano yanalia. Mimi nimekaa karibu na wapigaji. Nikawa nasikia tari moja linalia tofauti, mengine yanafanya chaka chaka ya bati, hili moja kuna kitu kizito kinajibu nyuma yake, kama mtu anayeitikia amechelewa. Nikamwambia shemeji, akaniambia we sikiliza kasida bwana.

Walipopumzika kunywa chai ya tangawizi matari yakaegemezwa ukutani. Nikasogea. Lile tari lilikuwa kuukuu, mti wake umekuwa mweusi kwa jasho la mikono, na pembeni kwenye zile nafasi za vibati nafasi moja vibati vyake vilishatoka, mtu akaweka senti mbili zenye tundu, msumari umepita katikati. Tundu limekutana na msumari kama vile walioana! Nikawasha tochi. Ya kwanza, malkia. Nikaizungusha ya pili kwa kucha taratibu, GEORGIVS, nikaendelea, VI, nikaendelea, pumzi nimebana, IND, halafu kidogo IMP.

"Unatafuta nini hapo mwanangu?"

Maalim mwenyewe, kikombe mkononi. Mzee wa miaka kama sabini na kitu, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Nakuuliza unatafuta nini."

Nikamwambia ukweli wote kama nilivyowaambia nyie, mpaka hadithi ya Edward na mwanamke wake, akacheka hapo, nikaona mlango umefunguka nikasema Maalim naomba uniuzie hii moja. Uso ukabadilika.

"Tari hili wakfu. Si langu nikakuuzia, wala si lako ukalinunua."

Nikaomba radhi. Kiukweli niliona haya, usiku wa maulidi mtu unakuja kutia bei mali ya chuo. Nikarudi kukaa, pilau ikaja nikala bila hamu, jambo ambalo shemeji analisimulia mpaka kesho.

Asubuhi naenda kuaga, Maalim ndo akalianzisha mwenyewe. Akanionesha matari mawili yamening'inizwa darini, ngozi zimetobolewa na panya. Akasema kuuza haiwezekani, ila kitu cha chuo kikibadilishwa kwa kilicho sawa nacho na chuo kikapata faida juu yake, hapo yeye mbele ya Mungu ana la kusema. Lete ngozi ya mbuzi nzima iliyokauka vizuri, na lete senti nyingine ya kukaa mahali pake, na ilie kama hii. Hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Ngozi nikaipata Tanga kwa wachinjaji, 7,000. Nauli ya kurudi tena Pangani, ile barabara ilikuwa bado vumbi na makorongo, sitaki hata kukumbuka mgongo wangu. Buku mbili yangu ilishakufa zamani. Nikabeba senti moja tatu nilizokuwa nazo za ziada, mbili za malkia na moja ya George wa tano imechakaa hatari.

Nikadhani atachukua yoyote. Wapi! Kwanza aliifunua ngozi akaipiga piga kwa kidole, akainusa, akamwambia kijana aiweke ndani. Halafu akakaa kibarazani, akang'oa ule msumari kwa koleo, polepole, senti yangu (nilishaanza kuiita yangu) akaifunika kiganjani hakunipa. Akatia ya kwanza, akatikisa sikioni, akatoa. "Hii ina sauti ya kijiko." Akatia ya George wa tano, akatikisa, akanyamaza, akatikisa tena, akamwita mkewe kutoka ndani, bibi akaja na unga mikononi akasikiliza akasema hiyo haisemi kitu, imekwisha. Nikaanza kuhesabu, imebaki moja, na hii ikikataliwa ngozi ndo imeshaenda ndani. Akatia ya tatu, malkia, ya 1962. Akatikisa. Akapiga kabisa, mdundo mzima wa kasida, watoto waliokuwa wanasoma ndani wakaitikia bila kuitwa mpaka akawafokea wanyamaze.

"Limepata mafua," akasema. "Lakini litapona."

Ndo akafungua kiganja.

Niliifunga kwenye ncha ya leso, leso mfukoni, mkono juu ya mfuko mpaka Tanga. Usiku nikaitoa nikaimulika kwa lenzi. Upande wenye jina ulikuwa mzuri tu, ule ndo ulikuwa unaangalia nje. Ule mwingine ndo uliokuwa ukigongana na mwenzake sijui miaka mingapi ya maulidi, umelika umekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Pembe za ndovu zimebaki kivuli. Mwaka nikaona moja, tisa, nne, na baada ya hapo kuna kamguu kamelala chini, basi, kilichobaki ni shaba tupu. Nikaigeuza huku na huku kwenye taa, nikaihamisha dirishani asubuhi, kamguu ni kamguu.

Nikaiweka kwenye kadi ya vocha ya kumi na sita. Kwenye daftari, pale kwenye safu ya mwaka ambapo zote nyingine nimeandika kwa kalamu ya wino, nikaandika 1942 kwa penseli.